Chungu Kilichozikwa Upenuni

Mtaani kwao, nyuma ya chuo cha Kyambogo, Akullo huitwa Nalongo, jina la heshima la mama wa mapacha, ingawa majirani wanamjua binti yake Acen peke yake. Wakimuuliza kuhusu Apio, pacha aliyetangulia kuzaliwa, hujibu kwamba ametoka kidogo. Katika kabila lao la Lango, pacha hasemwi kuwa amekufa. Apio hakumaliza mwezi. Baba yake, Ogwal, aliyekuwa askari polisi, alimlaza ndani ya chungu, akakizika upenuni, mbele ya nyumba.

Ogwal alikuwa ameshafariki barabara ilipopanuliwa. Maofisa walipita wakiuliza nani ana kaburi, ili lihamishwe kwa heshima. Akullo alisema hana. Hakuona kuwa anadanganya, maana neno hilo halikuwahi kumhusu mtoto wake. Chumba cha mbele kikabomolewa, akalipwa fidia, lakini moyoni alijua amewauzia pa kupitisha magari tu. Kilichokuwa chini kilibaki chake.

Mwaka huu wakaja wachimbaji wa bomba la maji, na mtaro wao ukaelekea mbele ya mlango wake. Akullo alimfuata msimamizi, Sulaimani, akamwomba wapinde kidogo. Sulaimani alimsikiliza kwa adabu. Alimweleza kwamba barabara haiishii kwenye lami. Hata udongo wa chini, kwa kina kinachofikiwa na mabomba na nyaya, ni wa jiji, na wao wamepewa ruhusa ya kuuchimba. Kupinda kunahitaji sababu. Mama ana sababu gani?

Akullo alirudi kuketi mlangoni. Acen alimletea chai, ikapoa.

Mashine ilipokaribia, mchimbaji mmoja, Otim, aliyetoka Lira, mji wa Walango, alimtania ili kumchangamsha.

"Nalongo, huyo pacha mwingine unamficha wapi? Mtoe basi, nimuoe."

Wenzake wakacheka. Akullo alisimama. Acen akamshika mkono, akidhani ni hasira.

"Amekufa," Akullo alisema. "Apio amekufa. Yuko hapo, chini ya miguu yako."

Otim alijua maana ya mama kulitamka neno hilo. Akavua kofia yake ngumu, akatoka mtaroni. Sulaimani akaamuru mashine izimwe.

Bomba halikupindishwa, kwani mtaro ulikuwa umeshafika. Ila kipande kile walikichimba kwa mikono, polepole, mpaka Otim akagusa vigae vya chungu. Ndani yake mlikuwa na udongo tu, mweusi kuliko ule wa pembeni. Aliuchota kwa viganja, akauweka wote kwenye kitenge cha Akullo.

Acen alichimba shimo nyuma ya jiko, mahali ambapo jiji halijanunua. Alipokuwa akichimba, mama yake alianza kumsimulia Apio alivyokuwa: mnene kumzidi yeye, mwepesi kunyonya, na kila alipolala alikunja ngumi zote mbili.