Mwanamke wa Majina Matatu

Haijanitoka ile alasiri ya kijijini Moa, mwanangu, na mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili.

Nilikuwa karani kijana kwenye utafiti wa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Makundi yalikuwa matatu: sisi wa Raskazone, mjini, wengine Moa, wengine ng'ambo Pemba, kila moja na daftari lake. Nesi wa Pemba aliniomba, "Dada, tulinganishe majina." Nikamjibu kama niko sokoni: "Toa daftari lako kwanza, nilione." Akacheka, akafunga mkoba. Nikajiona mjanja.

Mwaka ukapita ndipo wakubwa wakatulazimisha kupeana majina ya wanawake waliokutwa na dalili za awali na hawakurudi kutibiwa. Nikapewa watatu wa kutafuta Moa. Balozi wa nyumba kumi akanionyesha nyumba moja kwa wote, ya mwisho, karibu na mikoko. Nikafurahi: watatu kwa safari moja!

Nikapiga hodi. Nikafungua daftari, nikaita jina la kwanza.

"Asha Makame!"

"Abee," sauti ikatoka chumbani. Nikatia alama.

"Mama Hamadi!"

"Abee." Sauti ile ile. Nikahesabu viatu mlangoni, nikarudia: jozi moja.

"Kidawa!" Nilitamani asiitike mtu.

"Abee. Mwanangu, mnaniita wangapi?"

Nikaingia. Kitandani alikuwa mmoja, amekonda hata shuka halikuinuka. Mjini alipimwa kwa jina la cheti, Moa kwa jina la mwanawe, Pemba kwa jina la utotoni. Kila tulipomkosa tuliandika: "Amesafiri, huenda anatibiwa na wenzetu."

"Mlisema mtaniita," akaniambia, bila hasira. "Nikangoja."

Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema cha kuzuiwa kimeshapita, kimebaki cha kuuguza. Hakuufikia mwezi wa mfungo. Nilifuta majina matatu kwa kaburi moja.

Basi wewe unayeingia kazi hii na kompyuta yako, usifiche daftari kama mchuuzi anavyoficha bei. Muulize mgonjwa anaitwaje kwao, kwa mumewe na mjini. Mwombe ruhusa, kisha wape wenzako wa ng'ambo wanachohitaji kumtibu, wewe uanze, kabla hujaona daftari lao. Na usiandike "huenda" mpaka umempigia mwenzako simu.

Mungu akujaalie wenzi wa kazi waaminifu, na wanawake wa pwani hii wazeeke mpaka watuchoshe kwa maneno. Amina.