Stepla ya Upepo na Kidole cha Baba

Ile stepla ya upepo sikuinunua kwa sababu ya makochi. Niliinunua kwa sababu ya mkono wa kulia wa baba yangu, na nalisema hili mapema kwa kuwa majirani bado wanafikiri nilitaka kuwa fundi.

Baba alikuwa seremala hapa Marani tangu kabla sijazaliwa. Mabenchi ya kanisa letu ni yake, na nusu ya milango ya kijiji ni yake. Kisha kiharusi kikampiga akiwa shambani anakata majani ya ng'ombe. Mguu ukarudi kiasi. Mdomo nao ukarudi na matusi yake yote, asante Mungu. Mkono ndio ulikataa. Uliweza kukandamiza kitu kidogo tu, na ukiuwekea kikombe cha chai ya moto haujui kama ni chai ama ni maji ya kisima.

Mtaalamu wa mazoezi huko hospitalini Kisii aliniambia nimpe ule mkono kazi anayoipenda mwenyewe, pengine utaamka. Pengine! Mimi hilo neno sikulisikia. Nilimpa nyundo. Ikamponyoka mara tatu, ya tatu ikamwangukia mguuni, akaiokota kwa mkono wa kushoto akairusha migombani, akaniambia niende nikafundishe watoto wa watu. Mimi ni mwalimu, na hasira nimeirithi kwake. Tulimaliza wiki nzima bila kusemezana.

Ndipo nikaiona hiyo stepla kwa fundi mmoja wa makochi pale Mosocho. Mpira mrefu unatoka kwenye kompresa, mashine ya kujaza upepo, unaingia kwenye kitu kama bunduki ndogo. Fundi anaweka mdomo wa hiyo bunduki juu ya kitambaa, anavuta kidude kwa kidole, tap! Pini imezama kwenye mbao. Hakuna kupiga, hakuna nguvu. Nilisimama pale kama mjinga, machozi yananilengalenga, nikasema huu sasa ndio mkono wa baba.

Nyaya za stima katika nyumba ya baba ni za zamani, kompresa ikiwaka taa zinazima zote. Kwangu ilikubali. Lakini sisi Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ile heshima tuliyozaliwa tukaikuta, na baba yangu haipindi hata kwa mvua ya mawe. Basi kompresa ikakaa ndani ikinguruma, mpira ukapita dirishani, baba akakaa nje chini ya upenu. Kila Jumapili tukawa tunavalisha kochi letu kuukuu kitambaa kipya.

"Mwalimu wa chaki," ananitania, "vuta kitambaa! Kwani unambembeleza nani?"

Vidole vya kulia havikuweza kukivuta kile kidude. Akashika stepla kwa kushoto, wa kulia akaulaza juu ya kitambaa kukinyoosha. Nikasema si neno, angalau uko kazini. Na kila Jumapili nilimuuliza, "Unasikia kitu?" Anasema, "Yaya, hapana." Nikimuuliza tena ananiambia niache kumsumbua.

Kisha Jumapili moja akasema, "Nasikia. Kidole cha shahada kinawasha."

Aii! Niliruka. Nilimwambia mama, niliwaambia walimu wenzangu, kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda na watu wakaitikia amina. Jumapili iliyofuata akasema anasikia kitambaa ni cha baridi. Iliyofuata, kidole cha kati nacho kimeanza. Nikawa nalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu augue.

Kisha ikaja Jumapili ambayo mawingu yalikuwa yameshuka. Nilikuwa ndani natazama kipimo cha kompresa, namsikia nje, tap, tap, tap. Halafu akaita, "We mwalimu! Hiki kitambaa kimeshikwa na nini? Hakisogei."

Nikatoka. Kitambaa hakikuwa kimeshikwa na kitu. Ni kidole chake. Pini ilikuwa imepita kwenye kidole cha shahada, kile kile cha kuwasha, ikakigongomea kwenye mbao. Damu inatambaa, naye anavuta kwa bega, amelikunjia kochi uso.

"Baba, usivute! Angalia mkono!"

Akaangalia. Alikaa hivyo, anautazama kama wa mtu mwingine. Mvua ikaanza, ya kuletwa na upepo, ikatupiga hapo hapo upenuni. Nilisema tulibebe hilo kochi tuingie nalo ndani. "Katika nyumba yako? Yaya," akasema. Mke wangu akanipitishia koleo dirishani, uso ameugeuza kando kama heshima inavyotaka. Nikaing'oa ile pini. Baba hakushtuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Haki ya Mungu, nilitamani alie, nilitamani anitukane mimi na ukoo mzima.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Na zile Jumapili zote?"

Alikuwa anakizungushia kidole pindo la shati. "Ulikuwa unafurahi sana," akasema.

Tulipanda boda hadi zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Muuguzi aliposafisha kidonda alimuuliza, "Mzee, kunauma?" Baba alinitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu. Sijui nifanye nini na ule mtazamo. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mtaalamu, nikaikasirikia stepla ambayo haina kosa, halafu nikabaki na mimi. Baba yangu, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kwa ubao mmoja, mimi mwanawe ndiye niliyemfundisha uongo, kwa kumuuliza na kumuuliza. Mkono haurudi. Nimekata tamaa, na siku hizi hata kanisani wakiniuliza anaendeleaje nasema tu yupo.

Jumapili iliyofuata alikuja saa zile zile, akiburura mguu, kidole kimefungwa bandeji. Akakaa kwenye kile kiti chake. Kochi lilikuwa pale, upande mmoja umevaa, upande mmoja uchi.

"Leo hatufanyi kazi?" akauliza.

"Stima imepotea, Baba."

Ilikuwa mchana wa mawingu, na taa ya upenuni ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Sikuwa nimeikumbuka. Aliinua macho akaitazama, akanitazama na mimi.

"Ni sawa," akasema. Akauchukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mapajani, tukakaa.