Barua ya Binti Mwenye Aibu

Baba alistaafu kazi ya misitu kule Magamba akiwa na vitu viwili vya kujivunia: koti la mvua la serikali na ufunguo wa sanduku la posta. Koti lilikuwa lake peke yake. Sanduku lilikuwa la kijiji kizima. Wajomba, majirani, hata mwalimu wa madrasa, wote walipokea barua kwa anuani yake, naye alizigawa nyumba kwa nyumba kwa uaminifu wa kutisha. Barua ya mtu hakuifungua hata ikiwa imeshachanika yenyewe.

Mama alipofariki, na arobaini ikapita, baba akaanza kushuka Soni kila siku. Zilikuwa enzi za ruksa, na kila mwenye duka alileta alichoweza. Mfanyabiashara mmoja kutoka Tanga alileta televisheni na mashine ya gemu, akaviweka nyuma ya magunia ya viazi. Wanafunzi wakapanga foleni. Na katikati ya foleni, amevaa baraghashia yake ya Ijumaa, alikuwamo baba yangu. Alipenda gemu ya kijitu kinachokimbia na kuruka magogo. Mtu amehesabu magogo maisha yake yote, uzeeni anayaruka!

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapohapo. Wanafunzi wangu walimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha wakamwambia, "Babu, zamu yako imeisha." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kwetu mtoto hamkanyi baba yake, na kaka wa kunisaidia sikuwa naye. Nikafanya wanachofanya wasomi: nikaandika gazetini.

Magazeti nayo siku hizo yalichipuka kama uyoga. Mojawapo, lililotufikia likiwa limefungia samaki wakavu, lilikuwa na mwandishi aliyeandika juu ya saikolojia na michezo ya video, jinsi gemu inavyomteka mtu akili. Chini aliweka maelekezo: anayetaka ushauri aandike, na ndani ya barua aweke bahasha yenye stempu na anuani yake mwenyewe.

Nilijaza kurasa nne. Nilieleza foleni, baraghashia na magogo. Kifo cha mama sikukitaja, maana sikuona kinahusiana nini na gemu. Kwenye bahasha ya majibu nilificha jina langu, nikaandika "Binti Mwenye Aibu". Chini yake, kwa akili zangu zote za chuo cha ualimu, nikaandika namba ya sanduku pekee niliyoijua tangu kuzaliwa.

Wiki tatu baadaye baba alirudi kutoka posta Lushoto, bahasha mkononi.

"Kuna barua ya Binti Mwenye Aibu," alisema. "Unamjua?"

"Simjui, baba."

Kesho yake akaanza kumtafuta. Alimwuliza shangazi, ambaye aliapa kwamba hajawahi kuona aibu hata siku moja, nasi tulimwamini. Aliuliza msikitini baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wakarudi nyumbani wakiwatazama binti zao kwa jicho jipya. Mwenyewe hakupatikana. Baba akaiegemeza bahasha kwenye birika la mama, juu ya kabati la vyombo, nami nikawa nakula nikiwa nimeipa mgongo. Siku hizo zote hakushuka Soni. Ushauri ulianza kufanya kazi kabla haujafunguliwa.

Siku ya tisa nilishindwa.

"Baba, ile barua ni yangu."

"Basi isome."

Nilisoma kwa sauti, maana hakuniambia nisome kimya. Mtaalamu wetu alikiri kwamba mchezo wa magogo hajawahi kuuona kwa macho yake. Akaomba nimwulize mzee mwenyewe mambo mawili: alianza lini, na anapata nini pale. Kurasa nne na stempu mbili, kumbe za kuniambia nimwulize baba yangu!

Nikamwuliza.

"Nilianza tulipomaliza arobaini," alisema. "Saa tisa mama yako alikuwa ananipikia chai. Sasa saa tisa nikiwa hapa naliona birika tu. Kule Soni saa tisa kuna kelele, na kuna mtu ananiambia zamu yangu imefika."

Nilikunja ile barua mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Nilijionea aibu, safari hii ya kweli.

"Baba, ulijua tangu mwanzo kwamba ni yangu?"

"Mwandiko huo nilikufundisha mimi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni."

"Sasa kwa nini ulizunguka kijiji kizima?"

Alilichukua birika la mama, akafuta vumbi kwa kiganja.

"Nilikuwa naomba awe binti wa mtu mwingine," alisema, akanipa birika nikateleke chai.