Wapima Mpaka wa Sebuleni

Siku wazee walipokuja kwetu Nambis kumaliza ugomvi wa mpaka na jirani, mimi nilikuwa jikoni napika makande. Kwetu mwanamke haketi kwenye kikao cha mpaka. Anapika, na ukuta wa mbao unamletea kila neno, atake asitake.

Hakuna adha kama kuwasikiliza wajinga wanaojiamini. Kaka yangu, aliyekwenda mjini kabla hajaota ndevu, alikuwa anawaeleza wazee shamba nililolilima mimi miaka kumi na minane. Baba mdogo aliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila upuuzi. Hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia. Shamba zima lilipimwa juu ya makochi. Wakakubaliana mpaka ufuate ua wa minyaa. Minyaa ipi? Ipo mistari miwili! Wa chini aliupanda marehemu baba, na huo ndio mpaka. Wa juu niliupanda mimi, kuzuia ng'ombe wetu wasiichafue chemchemi iliyo katikati. Mabingwa wakachagua wa juu. Jirani, ambaye siku zote hafungi mdomo, hakutia neno.

Chemchemi ikaenda kwa jirani hivyo hivyo. Wangeikumbukaje, wakati maji huwakuta mezani?

Uvumilivu ukanishinda, nikasimama mlangoni.

"Shikamooni wazee. Baba mdogo, na chemchemi je?"

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Haya tuachie sisi. Chai bado?"

Wakacheka, kaka akiwa wa kwanza. Nikarudi jikoni nikawapelekea chai, tena yenye maziwa. Mpaka leo najichukia kwa ile chai. Tangu siku hiyo kila asubuhi napiga hodi kwa jirani kuomba maji ambayo baba alituachia, na mkewe hunifungulia akipenda.

Mwaka huu kaka amestaafu, amerudi kujenga. Fundi alipomwomba maji ya kukorogea saruji ndipo akili ilipomjia. Alinifuata akiwa amefura.

"Dada, ulijua mambo haya. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema mbele yenu wote. Ukacheka."

"Mimi? Lini?"

Nilimkazia macho nikitafuta uongo usoni mwake, nipate angalau sababu ya kumtukana. Sikuuona. Alikuwa amecheka bila hata kunisikia.