Kifua Kilichohamia Tumboni

Kliniki nzima inamwita Mama Jeli, na ukilitaja jina lake halisi watakuuliza ni nani huyo. Kazi yake ni kupiga ultrasaundi. Chupa ya ile jeli ya kupaka tumboni huiweka kila asubuhi kwenye bakuli la maji moto, maana mgonjwa akishtuliwa na baridi tumbo hukaza, picha ikatoka ovyo. Mdomo wake nao hauna breki. Nampenda kwa yote mawili.

Aliyenikutanisha naye ni mume wangu. Sote wawili tunaishi na virusi vya ukimwi. Mimi nilianza dawa mapema. Yeye, kichwa kigumu, alichelewa hadi homa za jioni zikamwandama na mwili ukapukutika. Makohozi yakapimwa, safi. Kifua kikapigwa picha, safi. Na kwa kuwa yeye ni fundi cherehani, kila suruali ilipomlegea aliibana mwenyewe. Mwanzoni alikunjia kitambaa cha ziada kwa ndani, kama fundi yeyote anavyomfanyia mteja ambaye huenda akanenepa. Mara ya mwisho alikikata akakitupa. Niliviokota vile vipande chini ya cherehani nikalia, kwa sababu hakukata kitambaa tu, alikata tamaa.

Daktari akatutuma kwa Mama Jeli. Mume wangu akagoma mlangoni.

"Hiyo si mashine ya wajawazito?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Mama Jeli akadakia. "Ingia, baba, tuone una miezi mingapi."

Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Aliingia kwa aibu, si kwa hiari.

Pazia likavutwa. Mama Jeli akapitisha kile kifaa chake chini ya mbavu za kushoto, taratibu, kisha akanyamaza. Mama Jeli kunyamaza! Mwishowe akatugeuzia kioo.

"Hili ni bandama. Lilitakiwa liwe la kijivu kote. Mnaona hivi vidoa vyeusi, kama nguo iliyoliwa na nondo? Na huku, kando ya mshipa mkubwa, tezi zimevimba."

Daktari akaitwa, akatazama, akasoma na majibu ya damu. Akasema ni kifua kikuu, na dawa zianze leo.

Mume wangu akainuka na jeli yake tumboni.

"Kifua kikuu? Kifua changu si nyinyi wenyewe mlisema kizima? Na kama ni kifua, tumboni kinatafuta nini? Dawa ya kifua mimi simezi!"

Nilitamani kumzaba kibao. Mama Jeli akamfuta tumbo kwa kitambaa, bila haraka.

"Baba, mdudu hajui kusoma. Hana habari kwamba tumempa jina la kifua. Kinga yako ilishuka, akakuta milango wazi, akahamia tumboni bila hata kupiga hodi."

Mume wangu alimkodolea macho, kisha akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

"Na anafukuzika?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Anafukuzika vizuri sana. Wewe usiruke vidonge, hivi wala vile vya virusi. Mimi nitakuwa namchungulia."

Kweli, akamchungulia. Kila tuliporudi, vidoa vilikuwa vimepungua na mgonjwa wangu ameongeza maneno. Safari ya mwisho Mama Jeli akatazama kioo kwa muda mrefu, akakunja uso.

"Bandama safi. Tezi safi. Lakini hapa mbele kuna kitu kimeota."

Nikakisogelea kioo.

"Kitambi," akasema.

Nusura nimrushie mkoba!

Nyumbani, suruali zote zikakataa kufunga, na kitambaa cha kuzipanua hakikuwepo, kwani alishakikata kwa mkono wake. Ikabidi ashone mpya. Alipomaliza niliigeuza nikaona kwa ndani ameacha kitambaa kipana, kama anayeshonea watu wawili.

"Chote hiki cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kunenepea."