Khadijo Agoma Kugeuza Baiskeli

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Khadijo ni viatu. Chini ya baibui jeusi lililopigwa pasi hutokeza raba nyeupe zenye soli za rangi ya machungwa, naye huzivaa kila mahali: madukani mtaani kwao Alum Rock, Birmingham, harusini, hata matangani. Mwenye kushangaa na ashangae. Miaka mingi alisimama jikoni mwa shule moja ya Saltley akiwapakulia watoto wa watu viazi, na siku aliyostaafu alitangaza kwamba sasa miguu hii itamtumikia mwenyewe.

Ikamtumikia kwenye pickleball. Ni mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Uwanja wake ni mdogo kuliko wa tenisi, na wastaafu wa Birmingham wanaupenda kwa kuwa unataka jicho na ujanja zaidi ya mbio. Khadijo alikwenda kutazama tu, akarudi ameshikwa. Kisha akamburuta mumewe, Dekow, dereva wa teksi mstaafu ambaye mgongo wake ulikuwa umeshachukua umbo la kiti. Walifanya mazoezi majira yote ya baridi. Mwishowe Khadijo akawaandikisha kwenye mashindano ya wastaafu huko Sheffield, wawili wawili, siku ya Jumatano. Yangekuwa mashindano yao ya kwanza maishani.

Akapanga na safari ya kufika huko. Jumatatu wangecheza mchezo wa kirafiki Leicester. Jumanne wangeendesha baiskeli kwenye njia ya Monsal, milimani Derbyshire, mahali palipokuwa na reli zamani. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na kasoro moja: Dekow ana ndugu.

Mtu aliyelelewa Garissa hapiti mji alipo ndugu yake bila kubisha hodi. Akipita, habari zitafika kabla yake, naye atanuniwa mpaka Idi. Khadijo ni mzaliwa wa Isiolo, desturi hiyo anaijua na anaiheshimu. Ambacho hakukijua ni kwamba Dekow aliwapigia simu ndugu wote kabla hata baiskeli hazijafungwa nyuma ya gari.

Leicester walimkuta binamu Dagane amewaandalia mbuzi mzima juu ya sinia la wali.

"Tunapita tu," Khadijo alisema mlangoni. "Jioni tuna mchezo."

"Mchezo ni wa watoto, dada," alicheka Najmo, mke wa Dagane. "Kaa ule. Na hizo baiskeli huko nje ni za nani?"

"Zetu."

"Wewe? Unapanda baiskeli na hilo baibui?"

"Sipandi kwa baibui, mdogo wangu. Napanda kwa miguu."

Wakacheka wote, lakini sinia halikuondoka. Baada ya wali zikaja sambusa, baada ya sambusa chai, na baada ya chai wakaja majirani waliosikia kwamba kuna wageni. Khadijo alipomtupia mumewe jicho, alimkuta ameegemea mto, mkanda umelegezwa. Mchezo wa kirafiki ulichezwa bila wao, nao wakalala hapo hapo. Hasira ya mgeni humezwa pamoja na chakula, naye akaimeza, lakini haikushuka.

Jumanne, kule Monsal, alianza kusahau. Njia ilikuwa tambarare, hewa baridi, na Dekow alikuwa akiimba mbele yake kwa sauti mbaya. Karibu na mdomo wa handaki la ile reli ya zamani simu ikalia. Dekow alisimama akaipokea. Alikuwa Samatar, binamu yake wa Nottingham, na alivyofoka hata Khadijo alisikia.

"Mmelala kwa Dagane! Mimi ni mtu baki? Njooni leo mlale, na kesho mchana nimewaalika wazee waje kula nanyi."

Kesho mchana, siku ile ile ya mashindano. Khadijo alimtazama mumewe, akamwona anakuna ndevu.

"Mama Iqra," alianza Dekow baada ya kukata simu, "Samatar ameumia. Turudi tu garini. Mashindano yatakuwepo hata mwaka ujao."

"Mwaka ujao umekuahidi nani?" Khadijo aliweka mguu chini. "Miaka yote umewapeleka watu wanakotaka wao. Stesheni, uwanja wa ndege, hospitali. Na mimi nimewapakulia watu wanachotaka wao. Sasa tumepata siku moja ya kwenda tunakotaka sisi, na hiyo nayo umeigawa kama nyama ya sadaka! Uliniuliza?"

"Shusha sauti, watu wanatutazama."

"Watazame! Baba Iqra, nauliza: uliniuliza?"

Mzee mmoja Mwingereza alipita upesi akimvuta mbwa wake, ambaye ndiye pekee aliyetaka kusikiliza. Dekow aligeuza baiskeli. Khadijo hakugeuza. Alikanyaga pedali akaingia handakini.

Mle ndani palikuwa na baridi na taa hafifu, na hasira ilimsukuma kuliko upepo. Hakuwachukia ndugu, ukarimu wao alikuwa akiula. Kilichomchoma ni kwamba kila mtu alikuwa na haki ya kuudhika isipokuwa yeye. Samatar akinyimwa wageni ameumia. Yeye akinyimwa mashindano, ni mama mzima anayependa michezo. Alitoka upande wa pili, juu ya daraja refu, bonde lote likiwa chini yake, akasimama akihema.

Punde nyuma yake akasikia mtu anakohoa.

"Funguo za gari si unazo wewe?" alisema bila kugeuka. "Ungekwenda."

"Nikienda, nani atacheza upande wa kushoto?" Dekow alijibu, jasho likimtiririka.

Khadijo alinyoosha mkono. "Lete simu." Akampigia Samatar. "Shemeji, salamu. Kesho saa nne tuna mashindano Sheffield. Ukitaka kutuona, tuko uwanjani. Na hao wazee waje nao."

Samatar akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wali?"

"Lete, shemeji. Utaliwa baada ya mchezo."

Jumatano asubuhi waliingia ukumbini kwa msafara: Samatar na wazee wake watatu, Dagane aliyesikia habari akaona asipitwe, na Najmo amekumbatia sufuria ya wali iliyofungwa taulo.

"Asifunue mtu!" Khadijo alionya.

"Na mkishindwa, dada?" Najmo aliuliza.

"Mtakula kimya kimya."

Wapinzani wao, mume na mke waliostaafu ualimu, walikuwa tayari wakinyoosha viungo. Dekow alifuta kiganja kwenye suruali mara ya pili. Uwanjani mchezo uliotangulia ulikuwa umebakiza alama chache, na wachezaji wake hawakuwa na haraka. Khadijo alisimama kwenye ukingo wa mstari, kibao mkononi, akiwatazama kama mwenye nyumba anayengoja wapangaji wahame.