Foleni Isiyo na wa Kwanza

Aibu ninayo mpaka leo, nikikutana mjini na mutu aliyekuwa kwenye ile sale, ukumbi wa chuo, ninavuka barabara. Nilikuwa natetea memwari yangu ya hesabu, andiko la kumaliza chuo, na bila distinksyon, ile alama ya juu, kazi ya asistanti chuoni hakuna. Mbele yangu juri ya watu watatu, nyuma yangu Mama na mashangazi wanne waliotoka Butembo, kitenge kimoja wote, poda ya kunimwagia nikifaulu tayari mikobani (unatujua).

Memwari ilihusu mahusiano ambayo hayakubali kuhamisha hata mumoja, kwenye seti zisizo na mwisho. Muzee Profesa, mkubwa wa juri, akasema, "Masika, eleza kwa Kiswahili, wamama nao wasikie." Basi nikachukua foleni ya maji kwenye robine, wa kwanza, wa pili, wa tatu, inaendelea bila mwisho, watu wahame bila kuacha nafasi tupu, na sharti ni moja tu, mpangilio wa nani yuko mbele ya nani usibadilike. Wa kwanza hana anayemtangulia, kwa hiyo habanduki, basi wa pili naye habanduki, hivyo hivyo milele. Ni kitu kizuri jamani! Ningeishia hapo. Lakini asubuhi ile niliona kuanzia moja ni mambo ya watoto, nikaongeza mfano wangu mwenyewe, foleni isiyo na mwisho mbele wala nyuma, nikasema nayo haihamishiki.

"Una hakika?" Profesa akauliza.

"Kabisa!" (Kiburi hicho.)

Mama, aliyeacha shule akiwa primeri, na ambaye huko kwenye viti vya nyuma hakuruhusiwa kusema neno, akasimama. "Lakini mutoto wangu, kama hakuna wa kwanza, si kila mutu anasogea nafasi moja tu? Mbele yangu yule yule, nyuma yule yule, na wote tumehama!"

Profesa akainuka akampigia Mama makofi, na mashangazi, waliokuwa wanasubiri makofi tu, wakadhani nimefaulu: vigelegele, poda kichwani kwangu, kwenye karatasi, kwenye suti ya Profesa, nami nikamaliza kutetea nikipiga chafya, mweupe kama unga wa muhogo.

Nilipita, distinksyon ikaniponyoka. "Kabisa" sitaisema tena mbele ya mutu anayepanga foleni ya maji kila asubuhi. Ukurasa wa mfano ule niliuandika upya, na chini yake, pale yanapowekwa majina ya maprofesa wakubwa, niliweka jina la Mama. Kila mgeni anayefika kwa Mama anasomeshwa ukurasa huo, kisha Mama anamuuliza, "Umeelewa, ama nikueleze?"